Nyeupe, kaki, kijivu au ya kupaka mwenyewe? Karatasi ya kuchorea majengo ya kale kwa rangi za maji

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilipakwa chokaa zikawa nyeupe pe. Mwaka hadi mwaka masika huzipiga, lipu ikabanduka, kuvu ikapanda kutoka chini, kutu ya mabati ikachuruzika kutoka juu, na mahali pengine tumbawe lenyewe likatokeza. Muulize mpita njia rangi ya ukuta huo, atakwambia ni mweupe. Usogelee na brashi mkononi, utaona hapana hata kiganja kimoja cheupe.

Ndiyo maana karatasi ni jambo la kufikiria kabla ya rangi. Ukichora ukuta huo kwenye karatasi nyeupe, sehemu kubwa ya muda wako inakwisha katika kuifanya karatasi isiwe nyeupe. Ukianza na karatasi yenye rangi yake tayari, ukuta upo hata kabla hujafungua kisanduku. Kazi inayobaki ni kutia giza na kutia mwanga. Madaftari ya kaki na ya kijivu yamependwa sana na wachoraji wa mitaani kwa sababu hiyo. Lakini si kila jengo linayataka, wala si kila karatasi yenye rangi inavumilia maji. Nalinganisha hapa njia nne. Nina ninayoipenda kuliko nyingine na sitaificha, ila zipo siku ambazo hata mimi siitumii.

Mwanga unatoka wapi

Rangi ya maji haifuniki. Mwanga huipita, ukagonga karatasi, ukarudi machoni umechujwa. Hakuna rangi ya maji inayoweza kung'aa kuliko karatasi iliyo chini yake. Kwenye nyeupe, mwanga wote wa picha ni karatasi uliyoiruka kwa makusudi. Kwenye kaki au kijivu, karatasi ni daraja la kati, na mwanga lazima uulete mwenyewe kwa kitu kinachofunika: guashi (rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga), nyeupe ya tyubu au kalamu ya jeli.

Ukielewa hilo, swali la "karatasi ipi ni nzuri" linageuka kuwa "jengo hili, saa hii, sehemu yake kubwa ina weupe kiasi gani?" Kipimo changu ni rahisi. Kunja macho mpaka nakshi na nyaya za umeme zipotee. Tazama ile sehemu kubwa ya ukuta isiyopigwa na jua, kisha inua vipande vyako vya karatasi mbele yake, kimoja kimoja. Kile kinachokaribia kuzama ndani ya ukuta ndicho cha kuchukua. Ukiwa na kipande kama hicho, theluthi mbili za mchoro umeshazimaliza bila kupaka kitu.

Mbinu hii si ya jana. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alichora kwenye karatasi ya bluu ya Venice, Italia, alipokuwa katika mji huo mwaka 1506. Mwingereza J.M.W. Turner alitumia guashi kwenye karatasi za bluu katika michoro yake ya mito ya Ufaransa. John Ruskin, mwandishi na mchoraji Mwingereza wa karne ya 19, alichora majumba ya Venice yakiwa yanachakaa, na mara nyingi alianza na karatasi yenye rangi, juu yake rangi ya maji na nyeupe nzito. Venice nayo ni mji wa chumvi, unyevu na lipu inayobanduka. Haishangazi kwamba dawa yao inatufaa na sisi.

Karatasi nyeupe: usiitupe bado

Kasri ya zamani ya masultani, pale Mizingani, inatazama baharini upande wa magharibi. Asubuhi uso wake wote uko kivulini na kuta zake zinakuwa na rangi ya majivu yenye usamawati kidogo. Alasiri jua linaupiga usoni, kuta zinawaka, na vivuli vya madirisha vinakuwa vikali kama vimekatwa kwa wembe. Jengo ni lile lile, lakini la asubuhi linataka kijivu na la alasiri linataka nyeupe. Hakuna guashi itakayolishinda jua la alasiri kuliko karatasi nyeupe iliyoachwa wazi. Guashi ikikauka hupoa, ikawa na uso wa chaki.

Nyeupe inashinda pia pale ambapo rangi safi ndizo habari yenyewe: khanga zilizoanikwa kwenye roshani, ndoo za plastiki, maua ya bogenvilia yaliyomwagika juu ya ukuta. Nyekundu ya khanga ikipakwa juu ya kaki inakuwa nyekundu ya tofali.

Kasoro yake kubwa haizungumzwi sana madukani, nayo ni mng'ao. Keti juani saa nne asubuhi na karatasi nyeupe magotini, mara macho yanaanza kuona madoa. Mwanga ni mwingi mno, kila rangi unaiona hafifu, kwa hiyo unaipaka nzito zaidi. Ukifika nyumbani unakuta mchoro mzima umekuwa giza. Anayechora nje mchana katika nchi za jua la utosini ana sababu hii moja tu ya kutosha kumhamisha kwenye karatasi yenye rangi, hata asipojali mambo mengine yote.

Kaki: inapendeza upesi, na hilo ni hatari yake

Kuna kaki mbili na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni ya daftari la kuchorea, inayouzwa kwa majina ya mchanga, ngano au kahawa ya maziwa. Strathmore wana Toned Tan ya gramu 118 kwa mita ya mraba. Hahnemühle wana The Cappuccino Book ya gramu 120. Angalia hizo gramu. Karatasi ya kawaida ya rangi za maji ni gramu 300. Hii ya gramu 118 imetengenezwa kwa penseli na kalamu. Inakubali rangi nyepesi iliyopakwa kwa brashi isiyolowa sana, lakini ukitandaza anga kwa maji mengi inajikunja mawimbi na rangi inakusanyika mabondeni. Nova ya Stillman & Birn ina gramu 150 na inastahimili zaidi. Ukitaka kaki ya kumwagia maji, tafuta ile iliyoandikwa gramu 200 au 300, si vinginevyo.

Ya pili ni karatasi ya kaki ya dukani, ile ya kufungia vitu na ya bahasha. Ni rahisi, inapatikana kila mahali, na upande wake usiong'aa unashika brashi kavu vizuri ajabu: mkwaruzo mmoja wa kahawia nzito unakuwa lipu iliyobanduka yenyewe. Lakini ina asidi. Itazidi kuwa nyeusi, itakauka na kuvunjika kwenye mikunjo, na ukiiweka ukutani penye mwanga ndiyo unaiharakisha. Kwa mazoezi haina mpinzani. Kwa kazi ya kumuuzia mtu, hapana.

Sasa rangi. Kaki ina njano na wekundu ndani yake, kwa hiyo kila kahawia, njano ya udongo na kijani kikavu inakaa juu yake kama imezaliwa hapo. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, ni mfano mzuri kabisa: kuta zilizoiva rangi ya udongo, meno ya juu, mlango wenye kiza. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, nayo inaingia kwenye kaki bila kulazimishwa. Kuta za Lamu zisizopigwa lipu, zenye mawe wazi, vivyo hivyo.

Tatizo ni bluu. Bluu inayopitisha mwanga ikiwekwa juu ya kaki inakufa. Inakuwa kijivu chenye ukijani. Anga ya Desemba huwezi kuipata hivyo. Una njia mbili: uiache anga iwe kaki tupu, ambayo msomaji wa picha anaikubali bila kuuliza, au uichanganye bluu na guashi nyeupe na kuipaka nzito. Njia ya katikati, ya kupaka bluu nyepesi na kutumaini, ndiyo inayoharibu michoro mingi ya kaki.

Jambo jingine, na hapa ni maoni yangu tu: kaki hufanya kila mchoro upendeze, hata mbovu. Weka mistari miwili ya kalamu nyeusi na nukta ya nyeupe, tayari kina sura ya kitu cha zamani. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akidhani amejifunza mwanga kumbe ni karatasi inayomfanyia kazi. Dalili ni kwamba majengo yake yote, ya Bagamoyo, ya Lamu na ya Kilwa, yanafanana.

Kijivu: kwa vichochoro, mvua na milango

Kijivu hakina joto wala baridi nyingi, na kwa hiyo rangi zako zinabaki karibu na zilivyo kwenye kisahani. Kahawia unaiona ni kahawia, bluu inapungua nguvu lakini haibadiliki jina. Mtu anayejifunza kutazama rangi za kivuli afadhali aanze hapa kuliko kwenye kaki.

Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba na kuta zake ni ndefu. Jua linashuka mpaka chini kwa muda mfupi tu mchana. Saa nyingine zote unachora kivuli ndani ya kivuli, na mwanga unaouona ni ule uliogonga ukuta wa juu ukarudi. Hiyo ni kazi ya kijivu. Magofu ya Gede pia, yaliyomo ndani ya msitu karibu na Watamu na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024: mawe ya tumbawe yenye ukungu wa kijani na mizizi juu yake, jua likipenya kwa vipande. Kijivu kinakuwa jiwe, kijani chepesi kinakuwa mwani, na vipande vya jua ni guashi yenye tone la njano.

Lakini mahali ambapo kijivu kinaiacha nyeupe mbali sana ni kwenye mlango wa kuchonga. Fikiria mlango wa msaji wenye upinde juu na safu za misumari mikubwa ya shaba. Kwenye karatasi nyeupe, kila msumari ni kiduara kidogo ambacho lazima ukiruke unapopaka kahawia, safu kwa safu, na ukikosea kimoja safu nzima inaonekana imepinda. Kwenye kijivu unapaka mbao zote kwa mkono mmoja, hudhurungi iliyochanganywa na bluu, ukiiacha karatasi ichungulie pale ambapo mbao zimepauka. Ikikauka unatia mistari ya giza kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, na kwenye kina cha nakshi. Huhitaji kuchora kila petali la yungiyungi, kivuli cha chini yake kinatosha. Mwisho kabisa unachukua brashi ndogo, guashi nyeupe na njano ya udongo, na kwenye kila msumari unagusa upande unaotazama mwanga, mara moja tu. Nusu mwezi, si duara zima. Ukiwa hatua tatu mbali, shaba inawaka.

Chagua kijivu chepesi. Vile vizito vinavutia dukani kwa sababu nyeupe inaruka juu yake, lakini rangi za maji zinazama humo na utajikuta unapaka guashi kila mahali, na hapo unafanya kazi nyingine kabisa. Karatasi za Mi-Teintes za Canson, gramu 160, zina rangi nyingi za kijivu na uji; upande mmoja una vishimo kama vya sega la nyuki, kwa hiyo tumia ule laini, maana vishimo hivyo vinashindana na umbile la ukuta. Na wapo wanaotengeneza karatasi halisi ya rangi za maji iliyotiwa rangi tangu kiwandani: Bockingford ya gramu 300 ina aina ya kijivu na ya uji wa shayiri, zote hafifu. Ukiipata, imekupunguzia shida nyingi za madaftari.

Kupaka mwenyewe: ninayoipendelea

Unachukua karatasi nyeupe ya gramu 300, unaitandazia rangi nyepesi, inakauka, ndipo unachora juu yake. Kwa maelezo hayo inaonekana ni njia ndefu ya kufika kwenye kaki. Sivyo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba weupe bado upo chini. Kwa kuwa umeipaka wewe, unaweza kuiruka sehemu ya jua. Kwenye Kasri ya alasiri niliyoitaja, unatandaza rangi ya kivuli kwenye ukurasa mzima isipokuwa uso ule mmoja unaowaka. Unapata faida ya karatasi ya kati na faida ya nyeupe katika mchoro mmoja. Hakuna daftari la dukani linalokupa hivyo. Hata pale uliposahau kuruka, unaweza kulowesha kwa brashi safi na kufyonza kwa tishu, na mwanga laini unarudi, ule wa ukuta wa ndani ya kichochoro ambao guashi huwa inauchafua.

Ya pili ni kwamba rangi ya chini haina lazima iwe moja. Ukuta wa Mji Mkongwe chini una unyevu na kuvu, juu umekaushwa na jua. Tandaza kijivu chenye ukijani chini na njano ya udongo juu, ziache zikutane zikiwa mbichi, na tayari jengo limesimama ardhini.

Rangi za kutumia: soma namba ndogo kwenye tyubu, ile inayotaja rangi halisi iliyomo, kwa kuwa majina yanadanganya. Njano ya udongo inayouzwa kama Yellow Ochre ni PY43 au PY42. Kahawia-nyekundu inayouzwa kama Burnt Sienna mara nyingi ni PBr7. Bluu ya kuipozea ni Ultramarine, PB29. Mchanganyiko wangu wa kawaida ni njano ya udongo nyingi, kahawia-nyekundu kidogo, na bluu kiasi cha kuua uchungwa. Ichanganye nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, kwa sababu ikikwisha katikati ya ukurasa huwezi kuipata tena ile ile. Inamisha ubao kidogo, brashi pana, kutoka juu kwenda chini, usirudi nyuma. Ikikauka itakuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa mbichi. Hiyo ni kawaida, usiongeze juu yake kwa haraka.

Epuka bluu na kijani za phthalo, zile kali za viwandani, hapo chini. Zinashika nyuzi za karatasi na hazifutiki, kwa hiyo ile faida ya kufyonza mwanga imekwenda.

Kasoro ni hii: rangi ya chini inaweza kuamka. Ukisugua juu yake inachanganyika na ya juu na unapata tope. Paka mara moja, nyanyua brashi, ondoka. Mtu mwenye mkono mzito, anayependa kurudiarudia, atumie akriliki iliyozimuliwa kwa maji mengi badala ya rangi ya maji. Ikikauka haiamki tena. Gharama yake ni kwamba hutaweza kufyonza, na ukiifanya nzito karatasi inakuwa kama plastiki na rangi inateleza juu yake.

Halafu kuna chai na kahawa. Watu wanazipenda, na kweli zinatoa rangi ya nyaraka za kale ambayo haifanani na kitu kingine. Mimi sizipingi kwa kadi za salamu. Lakini zinapauka kwenye mwanga na zina asidi, na ile njano ya udongo ya tyubu itakuwa pale pale miaka baada ya chai kutoweka. Ukiitumia, iwe chai ya rangi bila sukari, la sivyo sisimizi watakuwa wakaguzi wako wa kwanza.

Kupaka mwenyewe kunataka maandalizi ya nyumbani, na wakati wa masika karatasi inaweza kushinda kutwa nzima haijakauka vizuri. Hapo daftari la kijivu lina haki ya kucheka. Ila maandalizi hayo yana faida moja ya pwani ambayo nimekuja kuithamini sana. Karatasi iliyokaa kwenye unyevu muda mrefu huharibika gundi yake ya ndani bila kuonyesha; unaiona safi, ukiilowesha tu inatokeza madoa ambapo rangi imenyonywa kama kwenye karatasi ya chooni. Ukiipaka nyumbani unaigundua nyumbani. Ukiwa na karatasi ambayo haijaguswa maji, unaigundua umeshaketi mbele ya jengo, umeshamaliza penseli.

Nyeupe ipi ya kumalizia

Hili ni dogo lakini ndilo linalotofautisha mchoro wa kaki ulio hai na uliopauka. Nyeupe za tyubu ni mbili kuu. Ya zinki, PW4, ndiyo ile Chinese White ambayo Winsor & Newton waliianza mwaka 1834; haifuniki sana, ni laini, inafaa kwa vumbi la mwanga kwenye ukuta. Ya titani, PW6, inafunika kwa nguvu; hiyo ni ya ukingo wa roshani unaopigwa jua na ya misumari ya mlango. Guashi nyeupe nyingi ni za titani. Ukiwa na fedha ya kununua moja, nunua titani na uizimue.

Jihadhari na nyeupe iliyozimuliwa sana juu ya rangi ya giza: inaonekana na ubluu. Wakati mwingine hiyo ni zawadi, kama kwenye moshi au ukungu wa asubuhi. Kwenye ukuta wa jua ni kosa, na dawa yake ni tone la njano ya udongo ndani ya nyeupe.

Kalamu ya jeli nyeupe ni rahisi kubeba na ni nzuri kwa nyaya za umeme, herufi za bango na kingo za mbao za madirisha. Lakini mstari wake una unene mmoja mwanzo hadi mwisho, na mchoro uliojaa mistari hiyo unaanza kufanana na ramani. Mimi huiacha mfukoni mpaka dakika ya mwisho.

Kwa hiyo, nani achukue ipi

Unaanza, na bajeti ni ndogo: kaki ya dukani kwa mazoezi ya giza na mwanga, guashi nyeupe moja, kahawia moja, bluu moja. Usinunue kisanduku cha rangi 24.

Unasafiri na unataka kuchora ukiwa umesimama, dakika chache kila mahali: daftari la kijivu chepesi la gramu 150 au zaidi. Kama safari yenyewe ni ya ngome na magofu makavu, Kilwa Kisiwani au Kaole kwa mfano, badilisha liwe la kaki.

Unataka jua la pwani lenyewe, bahari nyuma na khanga mbele: nyeupe, na utafute kivuli cha kuketi. Ukikikuta kwenye baraza la mtu, piga hodi na uamkie kwanza. Baraza ni sehemu ya nyumba, na mwenyewe akikukaribisha utapata na hadithi ya jengo ambayo kibao cha ukutani hakina.

Una nafasi ya kuketi saa mbili mbele ya jengo moja, na unataka picha ya kuiweka kwenye fremu: paka mwenyewe. Andaa karatasi kadhaa za rangi tofauti kidogo, ya uji, ya majivu na ya udongo, na uzibebe zote. Utaamua ukifika, baada ya kuona jua liko upande gani.

Anayechora kwa ajili ya kuweka mtandaoni azingatie jambo moja zaidi. Kamera ya simu ikiona ukurasa mzima wa kaki hudhani ni nyeupe iliyopotoka, ikajaribu kuirekebisha. Kaki inakuwa kijivu na guashi yako inakuwa bluu. Kijivu hakina shida hiyo kubwa, na karatasi uliyoipaka mwenyewe yenye ukingo mweupe ulioachwa na selotepu ina kipimo chake tayari pembeni. Kwa daftari la kaki, weka kipande cha karatasi nyeupe kando ya mchoro unapopiga, ndani ya picha, kisha kikate baadaye. Piga kivulini, karibu na dirisha, si chini ya taa ya njano.